Sura ya Tano: Nani Aliinywesha Injini

Beseni lilikuwa limelala nje usiku kucha, kando ya ukuta wa kituo cha polisi, na asubuhi Inspekta Tamimu alipoinama juu yake alikuta kitu ambacho jana hakikuwapo. Jana, fundi aliyeitwa na polisi alipofungua sampo ya Landikruza ya Nasma, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuimimina oili yote humo, ilikuwa oili ya kawaida, pengine yenye wekundu kidogo kwenye kingo. Sasa, katika baridi ya Juni ya Kasulu, chini ya beseni palikuwa na mabonge ya rangi ya machungwa, laini, kama uji ulioachwa ukapoa.

Alitoa bonge moja kwa kijiti, akalisugua kati ya vidole. Halikuwa na chenga za chuma. Halikuwa grisi pia, maana grisi huvutika, na hili lilimeguka. Akamwita Koplo Renatus, mwenyeji wa Kagerankanda, aliyekuwa anapiga mswaki kwenye bomba. Renatus alikuja na povu mdomoni, akanusa, akatema povu pembeni.

"Afande, hii ni mboga."

"Mboga gani?"

"Maharage. Yaani si maharage yenyewe, mafuta yake. Haya ni mawese. Miezi hii kwetu chupa inalala karibu na mafiga, bila hivyo asubuhi hayamiminiki."

Tamimu alikuwa mtu wa Lindi, na mwaka wake wa kwanza Kasulu alikuwa akila hotelini, ambako mawese humfikia mtu yakiwa tayari juu ya chakula. Hakuwahi kuyaona yakiwa yameganda. Akaagiza beseni lifunikwe na lisiguswe na mtu, kisha akaingia ofisini na kulifungua tena jalada.

Jumamosi iliyopita, fundi Venanti aliwasha kwa mara ya kwanza injini aliyoisuka upya kwa wiki kadhaa katika gereji iliyo uani kwake. Watu walikusanyika kutazama. Injini iliwaka, ikanguruma vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na kabla Venanti hajaifikia swichi ilikuwa imenoki, imekwama kabisa. Nasma, mwenye gari, muuza vitenge aliyekuwa akilitegemea gari hilo kwa safari za gulio la Mabamba, alikwenda polisi siku hiyo hiyo. Alidai Venanti ameziiba metali mpya alizomletea, zile beringi za shafti ya injini, akafunga kuukuu. Venanti akawekwa mahabusu, na kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kusomewa shitaka la wizi. Fundi akishasomewa shitaka la wizi wa vipuri, hata akiachiwa baadaye hakuna anayemletea tena gari. Hilo Kasulu nzima ilikuwa inalijua, na Venanti mwenyewe zaidi.

Lakini metali zilipotolewa zilikuwa mpya. Namba zake zilisomeka vizuri mgongoni. Ziliungua kwa kukosa oili, basi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo fundi wa polisi alilitaja kwa kupita tu, wakati anafungua boliti za sampo: gundi ya kuzibia ilikuwa bado mbichi, na ilipakwa ovyo. Kwingine kote kwenye injini ile gundi ilikuwa imekauka na imepakwa kwa mstari mwembamba, safi, kama wino.

Kwa hiyo kuna mtu aliifungua sampo baada ya injini kunoki, akaangalia ndani, akaifunga kwa haraka.

Tamimu akaagiza mahabusu aletwe. Wakati wanasubiri, Renatus alimwambia kwamba Venanti tangu Jumamosi hajala chakula cha nyumbani kwake. Mkewe huleta hotpoti kila siku, na kila siku inarudi haijafunguliwa. Anakula mkate wa wenzake.

"Wamegombana?"

"Mke anasema hawajagombana. Mume hasemi kitu."

Venanti aliingia akiinama mlangoni, mtu mrefu mwenye kucha zisizotakata tena kwa sabuni yoyote. Tamimu alikuwa ameliweka bonge mezani juu ya karatasi. Fundi alilitazama, kisha akatazama ukuta. Hakuuliza ni nini.

"Unalijua hili?"

"Mawese."

"Hujalinusa."

"Nayajua kwa macho."

"Yaliingiaje kwenye sampo?"

"Niliyatia mimi."

Tamimu alimwomba aeleze kwa nini. Venanti akasema oili haikutosha, akaongezea. Ilikuwa sababu ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeona aibu kuitoa, na Venanti aliitoa kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Tamimu hakubishana. Akamtaka aeleze hatua zote za kuwasha injini mpya, moja baada ya nyingine, kama anayemfundisha mtu asiyejua.

Hapo sauti ya fundi ilibadilika, ikawa ya kazini. Injini iliyosukwa upya, alisema, ina kiu. Njia zake zote za oili ni kavu. Ukiiwasha hivyo hivyo, metali zinaungua. Kwa hiyo kwanza unainywesha. Filta unaijaza oili kabla ya kuifunga. Unatia oili juu, unapima kwa stiki. Unachomoa waya wa dizeli kwenye pampu ili injini isiwake, kisha unaizungusha kwa stata, unapumzika, unaizungusha tena, huku macho yako kwenye taa nyekundu ya oili pale deshibodi. Taa ikizimika, oili imefika kila mahali, injini imekunywa. Ndipo unarudisha waya na kuwasha.

"Jumamosi taa ilizimika?"

Venanti akarudisha macho ukutani.

"Haikuzimika. Nilikuwa na haraka. Nikarudisha waya nikawasha."

"Na baada ya kunoki, ulifungua sampo."

"Sikufungua."

"Gundi ilikuwa mbichi."

Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa unazungusha kitu kisichokuwapo, boliti labda.

"Afande, nimekiri. Andika, nitie sahihi, kesho twende. Mtu akikiri unataka nini tena?"

"Nataka akiri alichokifanya yeye."

Nasma alimpokea Inspekta dukani kwake, kati ya vitenge vya Burundi na vya Kongo vilivyotundikwa hadi dari, na hakumkaribisha kiti mpaka alipomaliza kumhudumia mteja. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa maneno ya haraka, mama yake wa Ujiji, na alizungumza Kiswahili kwa namna iliyowafanya wateja kutoka vijijini wajisahihishe. Aliposikia kwamba metali zilikuwa mpya, hakuonyesha furaha. Alisema basi kama hakuiba ameharibu, na kuharibu si afadhali.

Tamimu akaomba kuiona video. Watu watatu walishamwambia kwamba Nasma alijirekodi siku ile na kuiweka kwenye simu watu waione. Nasma alisita, kisha akaitoa.

Inspekta aliiangalia mara ya kwanza kama watu wote, akitazama sura. Nasma yuko kwenye usukani, amevaa mtandio wa kijani, anatabasamu. Mara ya pili hakutazama sura. Alitazama chini kushoto, ambako sehemu ya deshibodi ilionekana juu ya kidole cha Nasma. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Stata ikazunguka, ikapumzika, ikazunguka. Taa ikafifia, ikazimika. Sauti ya Venanti, aliyekuwa akichungulia taa kupitia kioo cha mbele, ikasikika: "Imekunywa. Ngoja nirudishe waya." Kisha injini ikawaka, makofi, vigelegele, Nasma anacheka kwenye simu yake. Na katikati ya kicheko kile, pale pale chini kushoto, ile taa nyekundu ikarudi.

Alisimamisha picha, akamwonyesha.

Nasma aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Mimi sikujua ile taa ya nini," alisema.

"Hukumwambia fundi kwamba imewaka tena?"

"Nilikuwa natazama simu."

Kwa hiyo Venanti aliinywesha injini kama inavyotakiwa, na taa ilizimika. Alikuwa amemdanganya polisi ili aonekane mzembe. Watu wengi walishamdanganya Tamimu wajitoe kwenye kosa. Huyu alikuwa anajisukuma ndani yake.

Aliuliza juu ya oili. Hapo Nasma alirudi kwenye ukali wake. Oili aliinunua mwenyewe, madumu mawili yenye lakiri, akayafungia humu humu dukani mpaka siku yenyewe, na lakiri aliikata mbele ya kamera. Aliimimina kwa mkono wake. Lakini dumu la pili halikwisha. Lilibaki karibu nusu, maana Venanti alichomoa stiki, akaikunjia uso, akaifuta, akaipima tena, akasema imejaa, aache. Nasma akajua hapo hapo kwamba fundi anabakiza oili yake akaiuze.

"Alikunja uso?"

"Kama mtu aliyehesabu watoto akakuta mmoja wa jirani."

Tamimu akaandika. Injini ilijaa kabla ya wakati kwa sababu kulikuwa na kitu ndani tayari. Mawese yalitangulia, oili ikafuata. Yalikuwa yamelala chini ya sampo, yameganda. Oili ikakaa juu yake. Wakati wa kunywesha, stata huzungusha polepole, pampu ikanyonya oili ya juu, taa ikazimika. Injini ilipowaka na kasi kuongezeka, pampu ikayavuta yale mabonge mpaka kwenye chujio, chujio likaziba, oili ikakatika.

"Nani alikuwapo asiyekutakia mema?"

Nasma alicheka. Akasema aanze na mzee Khamisi wa Kibondo. Huyo ndiye aliyemfundisha Venanti ufundi, na ndiye aliyekuwa akisuka injini zote za marehemu mume wake. Alikuja Jumamosi bila kualikwa, asubuhi mapema, wa kwanza kufika, akakaa na gari peke yake. Alikuwa na dumu la mawese mkononi. Akasema mbele ya watu kwamba injini ile haitafika Mabamba, akaondoka.

"Wivu," Nasma alisema. "Yule mzee wivu umembakiza mifupa. Halafu kuna mke wa Venanti. Alisimama mlangoni na kanga kiunoni, ananitazama kama nimekaa kwenye kiti chake. Mume wake mimi sina haja naye, Inspekta. Nilitaka tu oili yangu iingie nikiiona."

Barabara ya Kibondo sasa ni lami, na kabla ya adhuhuri Tamimu na Renatus walikuwa wamesimama mbele ya gereji ya mzee Khamisi. Palikuwa na trekta moja lisilo na magurudumu na pikipiki mbili za watu wasio na haraka. Mzee alikuwa amekaa juu ya bloku ya injini iliyopinduliwa, kofia ya kufuma kichwani, anasafisha kabureta kwa mswaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya ile injini. Nilijua mtakuja. Nimenyoa ndevu tangu juzi."

Hakukana lolote. Alisema ndiyo, alikwenda bila kualikwa, maana mwalimu haalikwi kwa mwanafunzi wake, anakwenda. Ndiyo, alisema haitafika Mabamba. Angeulizwa angerudia.

"Ulitaka inoki?"

"Nilitamani inoki. Kutamani nako siku hizi ni kosa?" Aliipuliza kabureta. "Injini za nyumba ile nimezisuka mimi tangu mume wake yuko hai. Anazikwa tu, mjane anampelekea kijana niliyemfundisha kushika spana. Unadhani nililala?"

"Ulikuwa na dumu la mawese, na mawese ndiyo tuliyoyakuta kwenye sampo."

Mzee alimtazama kwa dharau ya wazi. Alieleza kwamba mawese yale alipewa na binti yake aliyeolewa Kasulu, alipopitia kwake aliposhuka basi, na kwamba asubuhi ile yalikuwa yameganda ndani ya dumu kiasi kwamba utingo wa basi la kurudi aliyabeba begani akidhani ni saruji. Inspekta amuulize. Mtu hawezi kumimina jiwe kwenye tundu la oili. Aliyeyatia aliyatia yakiwa ya moto, na aliyatia mapema, yakapata usiku mzima wa kuganda. Yeye siku ya Ijumaa alikuwa hapa Kibondo msikitini, na baada ya msikiti kwenye maziko ya jirani. Aulize mtaa wote.

"Halafu sikiliza," mzee aliendelea. "Fundi akitaka kuiua injini anatumia mchanga. Kijiko kimoja. Hayo mawese yalikuwa kiasi gani?"

"Lita mbili, kwa makadirio."

"Lita mbili ni mboga ya nyumba mwezi mzima. Mtu anayeharibu hatumii kitu kizuri. Huyo hakuwa anaharibu. Alikuwa anatoa."

Renatus aliacha kuandika, akatazama juu. Tamimu alimuuliza mzee ana maana gani, lakini mzee alikuwa ameshakwenda na mawazo mengine.

"Josephina yeye anasemaje? Oili aliitoa wapi, chini ya kitanda kama siku zote?"

"Josephina ni nani?"

"Mama Tharsisi. Mke wa Venanti. Si ndiye aliyenywesha?"

"Oili aliimimina mwenye gari."

Mzee Khamisi aliweka mswaki chini. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Josephina hakunywesha?"

Alieleza polepole. Desturi hiyo aliianza yeye, hapa hapa, siku ambazo oili ilikuwa haba na kila injini iliyonoki watu walisema fundi ameuza oili nzuri akaweka chakavu. Kwa hiyo oili ya mteja haikulala gereji. Ililala chumbani, chini ya kitanda, mikononi mwa mke wa fundi. Siku ya kuwasha, mke ndiye aliyeitoa na kuimimina mbele ya watu, na fundi mikono yake iko mgongoni. Mke ndiye shahidi wa oili. Venanti alipotoka hapa kwenda kujitegemea Kasulu aliondoka na desturi hiyo, na Josephina amezinywesha injini zake zote. Watu wa Kasulu wanamsalimia kwa hilo. Wapo wanaosema mkono wake una bahati.

"Sasa mwanamke mwingine," alisema mzee, "analeta oili yake imefungwa kwa lakiri, ameilaza dukani kwake, anaimimina mwenyewe huku anajipiga picha. Mbele ya Josephina. Unajua hapo amemwambia nini?"

"Kwamba ni mwizi."

"Kwamba hayupo."

Walifika Kasulu saa kumi jioni. Josephina alikuwa tayari kwenye benchi la kituo, mwanamke mfupi, kanga kiunoni, hotpoti mapajani. Alisimama na kumsalimu Inspekta kwa Kiha, kisha akakumbuka na kurudia kwa Kiswahili. Tamimu alimkaribisha ndani, akamwomba Renatus akae na karatasi. Aliifungua hotpoti mwenyewe. Ugali wa muhogo, na maharage yaliyong'aa rangi ya machungwa.

"Mawese yako hayagandi, Mama Tharsisi?"

"Yanaganda kama ya watu wote. Nimeyapasha."

"Yakilala mahali pa baridi?"

"Yanakuwa mshumaa."

"Na yakilala ndani ya injini?"

Alijibu kabla ya kufikiri, kama mtu anayejibu swali la mtoto.

"Injini si ni moto."

Kalamu ya Renatus ilisimama. Josephina alimtazama koplo, kisha Inspekta, kisha mfuniko wa hotpoti uliokuwa mezani.

"Kila uliyoiona wewe ilikuwa ya moto," Tamimu alisema, "au ilikuwa inakwenda kuwa moto muda huo huo. Ile ilikuwa haijawashwa hata mara moja. Ilikuwa chuma kimelala kwenye baridi usiku mzima."

Mwanamke hakulia wala hakukana. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ndiyo yaliyoinokisha?"

"Ndiyo."

Ilionekana wazi kwamba hakuwa amejua. Alipoanza kusema alisema yote, kwa sauti ile ile moja. Kwamba injini ya kwanza ya mumewe, ya pikapu moja ndogo, aliinywesha yeye akiwa na mimba ya Tharsisi, na tangu hapo hakuna iliyompita. Kwamba wiki ile Venanti alimwambia oili safari hii ataileta na kuimimina mwenye gari. Akamuuliza kwa nini. Venanti alikuwa chini ya gari na hakutoka hata kichwa.

"Akasema, ni mafuta tu, Mama Tharsisi. Yeyote anaweza kumimina."

Ijumaa mchana, mumewe alipokwenda kwa mchonga vyuma, alichukua mawese ambayo mama yake alimletea, yale mazuri ya kula na wageni, akayapasha, akafungua mfuniko wa oili, akamimina taratibu kama anavyomimina siku zote. Akafuta kwa kanga yake.

"Nilitaka ya kwanza iwe yangu. Yeye aje na simu yake, amimine juu ya yangu, asijue. Mimi nitajua."

"Na iliponoki ulifikiri nini?"

"Nilifikiri mume wangu amekosea kazi kwa sababu yule mwanamke alikuwa amekaa pale mbele yake na mtandio wa kijani." Aliivuta hotpoti karibu. "Na chakula changu kiliporudi nikafikiri kuna mwingine anamletea."

Tamimu alimtuma Renatus amlete mahabusu.

Venanti alipoona mkewe ameketi kwenye kiti cha maelezo, na karatasi imejaa maandishi, alisimama mlangoni.

"Usimsikilize, afande. Nilishakwambia ni mimi."

"Ulifungua sampo," Josephina alisema bila kugeuka.

Fundi aliegemea mwimo wa mlango.

"Ukaona."

"Niliona."

"Ukanyamaza siku zote hizi. Hata mimi hukuniambia."

"Ningekwambia kwa nani? Kila aliyekuja dirishani alikuwa na askari nyuma yake. Ningesema, wewe ndiye ungelala humu."

"Na chakula changu? Ulirudisha chakula changu."

Venanti alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kila hotpoti ilipofika hapo mlangoni nilisikia harufu ya sampo."

Renatus aliinamia karatasi zake. Nje, bodaboda ilipita ikipiga honi, na hakuna aliyeitazama. Josephina sasa aligeuka, akamtazama mumewe usoni.

"Nasma akisema umsukie upya, nani atainywesha?"

"Wewe."

"Si ni mafuta tu."

Fundi aliangalia chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeacha kuzunguka.

"Nilisema vibaya," alisema.

Tamimu alichukua maelezo ya asubuhi, yale ambayo Venanti alitaka kuyatia sahihi, akayachana mara mbili na kuyatia kwenye kikapu. Aliwaambia wote wawili mambo yalivyo. Shitaka la wizi limekufa, na kesho hakuna anayekwenda mahakamani. Kosa la kuharibu mali lina maelezo ya Mama Tharsisi, na yatabaki kwenye jalada. Asubuhi Nasma ataitwa, ataonyeshwa taa nyekundu kwenye simu yake mwenyewe, halafu ataulizwa kama bado anataka kushitaki, na nani. Mpaka hapo Mama Tharsisi atalala nyumbani kwake kwa dhamana, na asitoke Kasulu.

Renatus alimrudishia Venanti mkanda na viatu pale kaunta. Fundi alivaa viatu, hakufunga kamba. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi ambalo mkewe alikuwa amelikalia, na mkewe akakaa upande wa pili, hotpoti katikati yao. Jua lilikuwa linaondoka na baridi imeanza.

Kutoka dirishani Inspekta alimwona Venanti akifungua mfuniko. Mawese yalikuwa yameanza kuganda kwenye ukingo, mstari mwembamba wa rangi ya machungwa. Fundi aliuangalia ule mstari kwa muda, kisha akamega tonge, akalipitisha pale pale, akala.